Tulisimama Kila Asubuhi, Mbolea Haikufika

Juzi kijana mmoja wa hapa Kanduyi, ambaye nilimfundisha Sande skuli akiwa mdogo, alinisimamisha nje ya duka la dawa akaniambia kwa furaha, "Madam, hata sisi kazini tumeingia ajaili!"

Nikamuuliza wanafanya nini hasa. Akafikiri kidogo.

"Tunasimama asubuhi," akasema. "Halafu tunabandika karatasi za rangi kwa ukuta."

Nilimpongeza nikaenda zangu, lakini nilifika nyumbani na hasira hata chai haikushuka. Sikuwa na hasira naye. Yeye anafanya alivyoambiwa. Nina hasira na waliomwambia, kwa sababu nawajua, na kama siwajui wao basi nawajua ndugu zao. Kwa hivyo nyinyi vijana mnaoandika programu za kompyuta, na mnaozipima, na mnaotamani siku moja kuongoza wenzenu, ketini kidogo. Mimi nimestaafu. Hakuna mtu aliyebaki wa kunikatia mkataba.

Ajaili, kwa asiyejua, ni neno la Kiingereza lenye maana ya wepesi. Zamani tulikuwa tunajenga mfumo mzima kwanza, tunajifungia nao mpaka nywele zinaingia mvi, ndipo tunampelekea yule atakayeutumia. Ajaili inasema: jenga kipande kidogo, mpelekee mtu akitumie, msikilize, rekebisha, halafu ujenge kingine. Kile kipindi kifupi cha kujenga kipande kimoja kinaitwa sprinti. Basi. Mengine yote ni mapambo.

Na si jambo geni kama wanavyotaka muamini. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kiwanda cha sukari, chini ya mzee aliyeitwa Barasa, mtu mwenye cheko la kutikisa madirisha. Tulijenga mfumo wa kupima miwa kwenye mizani, trela baada ya trela. Tuliujenga muda mrefu sana. Siku ya kuufunga, tukaweka kompyuta kwenye kibanda cha mizani, tukapiga picha, tukala kuku. Jioni karani akatupigia simu: haoni kitu. Tukakimbia kule. Kumbe dirisha la kibanda linatazama machweo, na jua la jioni linapiga kioo cha kompyuta mpaka maandishi yanapotea kabisa. Na sisi tulikuwa tumeandika kwa rangi ya kijivu hafifu, kwa sababu ofisini ilipendeza! Jioni ndiyo trela huwa nyingi. Barasa alicheka mpaka akashika ukuta, halafu akaniambia, "Nafula, mtu akikwambia anachotaka, amekwambia nusu. Nusu nyingine iko kazini kwake. Nenda uikute huko."

Kwa hivyo, ajaili ilipotufikia miaka mingi baadaye, mimi nilikuwa wa kwanza kupiga makofi. Msije mkasema huyu ni mama mzee anayechukia mambo mapya. Niliipenda. Ndiyo maana inaniuma.

Mradi wenyewe ulikuwa wa mbolea. Mkulima wa Trans-Nzoia au Bungoma anajiandikisha, anapata ujumbe kwa simu wenye namba yake ya siri, anaenda ghala la karibu, anaonyesha namba, anabeba mifuko. Ukiusikia hivyo ni kitu cha kujengwa na watu wachache kwa utulivu. Lakini wakubwa waliutaka uwe mkubwa, na ukawa mkubwa. Tulikuwa zaidi ya watu mia tatu. Waandishi wa programu walikaa Kitale, katika jumba lililokuwa zamani ghala la mahindi. Sisi wapimaji na wafunzaji tulikaa Kanduyi. Mimi niliongoza wapimaji, wale ambao kazi yao ni kutafuta kasoro kabla mkulima hajazipata. Juu yetu sote kulikuwa na Mkurugenzi, mtu mrefu, mwenye sauti nzuri ya kanisani.

Aliletwa mshauri kutoka Nairobi kutufundisha, tukamwita Kocha. Huyo Kocha simlaumu. Alituambia kweli tupu. Alisema kundi la watu mia tatu haliwezi kuwa jepesi. Ligawe liwe timu ndogondogo, na kila timu iwe na watu wa kutosha kumfikishia mkulima mmoja kitu kizima, kutoka kujiandikisha mpaka kubeba mfuko. Andikeni hilo mioyoni. Ukikosea hapo, hata msimame kwa kichwa haitasaidia.

Kocha aliporudi kwao, Mkurugenzi akatugawa kama mtu anayekata ng'ombe: timu ya usajili peke yake, timu ya ujumbe wa simu peke yake, timu ya maghala peke yake, na kadhalika. Kila timu ina mguu mmoja, hakuna iliyo na ng'ombe anayetembea. Timu ya ujumbe ikitaka kitu kidogo kutoka usajili, inaambiwa, "Hiyo haiko kwa sprinti yetu, ngojeni ijayo." Ijayo ikifika, kuna jambo lingine. Kila timu ilikuwa inakimbia, na mradi umekaa palepale. Ukienda kwa timu yoyote unaambiwa mambo ni shwari kabisa. Ati shwari!

Na zile karatasi za rangi? Kitale huwa na baridi, mnajua wenyewe, na ule ukuta wa ghala ulitoka jasho usiku kucha. Asubuhi moja tukafika, karatasi zote ziko chini, na mama wa usafi amezifagia, akazitia kwenye pipa pamoja na maganda ya ndizi. Mkurugenzi alipiga kelele. Mama yule akasema kwa upole, "Si zilikuwa takataka? Zilikuwa kwa sakafu." Wiki hiyo hakuna aliyejua anafanya nini, na mwisho wa sprinti taarifa ikasema tumefaulu kama kawaida.

Mkutano wa asubuhi nao unatakiwa uwe mfupi: watu wachache, kila mmoja anasema anakwama wapi, mnasaidiana, mnaondoka. Kusimama ni kwa ajili ya ufupi tu. Mkurugenzi aliufanya gwaride. Siku za Jumatatu hata sisi wa Kanduyi tuliletwa Kitale, tukasimama wote katika lile ghala, na yeye mbele, akiita timu moja baada ya nyingine itoe hesabu ya kazi. Mpaka amalize, soksi zimeloa kwa unyevu wa sakafu.

Kulikuwa na mpimaji wangu, Bwana Simiyu, aliyepata polio akiwa mtoto. Anatembea na vyuma mguuni. Jumatatu moja nikamwona jasho linamtoka kwa baridi ile, amejishika kwenye nguzo. Nikavuta kiti, nikamkalisha.

"Madam Nafula," Mkurugenzi akasema kwa ile sauti yake nzuri, mbele ya wote, "huu ni mkutano wa kusimama. Ajaili haikai."

Simiyu akaanza kujiinua. Nikamwekea mkono begani. Nikatafuta kiti cha pili, nikakiburuta, na sakafu ya saruji ikapiga kelele kweli, nikaketi kando yake.

"Sisi tunasikia vizuri tukiwa tumekaa," nikasema. "Endelea, Mkurugenzi."

Wapimaji wangu wakaanza kuketi, wengine kwenye viti, wengine chini kabisa na nguo zao za kazi. Siku ile mkutano uliisha haraka kuliko siku zote. Lakini nilijua nimewekewa alama.

Sasa nifike kwa Chebet, maana huyu ndiye hasa aliyenifanya niseme haya.

Chebet alitoka upande wa mlimani, karibu na Kapsokwony, msichana mwembamba, mwenye maneno machache, na aliongoza timu ya ujumbe wa simu. Wazazi wake ni wakulima. Kabla ya msimu wa kupanda alinijia akasema, "Madam, tangu tuanze hakuna mkulima hata mmoja amegusa hii kitu. Twende tujaribu na ghala moja tu." Nikafurahi sana. Hiyo ndiyo ajaili yenyewe! Hatukuomba kibali kwa mtu, kwa kuwa Kocha alikuwa amesema timu isiombe kibali cha kumsikiliza mkulima. Tukaenda Bokoli, kwenye ghala moja dogo. Wakaja majirani kadhaa, wengi wao akina mama.

Mmoja aliitwa Mama Nanjala, mjane, mwenye shamba dogo nyuma ya shule. Hakuwa na simu. Akajiandikisha kwa simu ya jirani yake, kama wanavyofanya wengi huku kwetu, simu moja inatumiwa na maboma mawili matatu. Baadaye jirani mwenyewe naye akajiandikisha. Tukangoja. Ujumbe wa jirani ukaja, pii! Wa Mama Nanjala haukuja. Tukamtafuta kwenye mfumo. Hayupo. Chebet akarudia na akina mama wengine, ikawa vilevile: ukimwandikisha mtu wa pili kwa simu ileile, wa kwanza anafutika kimya kimya. Hakuna onyo, hakuna kitu. Anarudi nyumbani akijua ameandikishwa, na hayumo.

"Kwa hivyo mimi sitapata?" Mama Nanjala akauliza.

"Utapata, mama," Chebet akamwambia. "Ndiyo maana tumekuja mapema. Tutarekebisha."

Aliahidi kwa moyo safi, maana kurekebisha hakukuwa kugumu. Lakini kasoro ilikuwa upande wa usajili. Akaenda kwa timu ya usajili, wakamwambia haiko kwa sprinti yao. Akaenda kwa Mkurugenzi, akaambiwa hakuna kubadilisha chochote kabla ya uzinduzi, tarehe imeshatangazwa na wageni wamealikwa. Mimi nikampigia Mkurugenzi, akasema, "Madam, hizo ni kasoro ndogo ndogo, tutaziona mbele."

Sasa, mwisho wa kila sprinti kuna kikao cha kujitazama. Mnakaa mnaulizana: tumekosea wapi, turekebishe nini. Kanuni yake ni moja, kwamba atakayesema ukweli asiguswe. Kocha alirudia hilo mpaka tukachoka. Kikao cha Kitale cha mwisho kabla ya uzinduzi, Mkurugenzi akaja mwenyewe, akaketi nyuma, akavua koti. "Semeni tu," akasema. "Hapa ni nyumbani."

Watu wakasema vitu vya kawaida: intaneti iko chini, chai haina maziwa. Halafu Chebet akasimama.

"Tukizindua hivi," akasema, "watu wanaotumia simu moja watakosa mbolea. Mimi nimewaona. Wengi ni wajane na wazee. Nimeomba turekebishe na nimekataliwa. Naomba uzinduzi ungoje, ama tuanze na ghala moja."

Mkurugenzi akatikisa kichwa taratibu, kama anayekubali. Akaandika kitu kwenye simu yake. Akamshukuru kwa ujasiri.

Kesho yake asubuhi, Chebet alikuta askari wa lango ameambiwa asimruhusu kuingia. Barua ilisema hana moyo wa kushirikiana na timu.

Alinipigia akiwa barabarani, upande wa Kipsongo, anatembea tu. Hakuwa analia. Aliniuliza, "Madam, si walisema tuseme?"

Vijana, nimefanya kazi na watu wakali. Barasa mwenyewe aliwahi kunirushia faili. Lakini mtu mkali unamwona akija. Huyu alitega kikao kama mtego wa fuko, akaketi nyuma angoje nani atatia kichwa. Nikapanda gari mpaka Kitale siku hiyohiyo, nikaingia ofisini kwake bila kubisha.

"Mrudishe yule msichana," nikasema.

"Madam, keti kwanza."

"Sitaketi. Si mnapenda watu wakisimama? Ulimwambia aseme, akasema. Alisema uwongo?"

Akashusha pumzi. "Hakusema uwongo. Lakini kuna mahali pa kusema na kuna namna. Watu wamekufa moyo sasa, na uzinduzi uko mlangoni. Wewe unakaribia kustaafu. Kwa nini ujiharibie?"

"Basi jua hivi," nikamwambia. "Mimi ndiye mpimaji mkuu. Ukiniuliza kama mfumo uko tayari, nitasema hauko. Mbele ya wageni wako nitasema hauko."

Hakuniuliza. Aliniondoa kwenye upimaji wiki hiyo, akanipeleka idara ya mafunzo, akamweka kijana aliyejua kusema ndiyo. Nikaandikia wakubwa wa juu, na waliopata barua yangu wakamtumia yeye aijibu. Ndivyo ilivyokuwa.

Uzinduzi ukafanyika hapa Kanduyi uwanjani. Mahema, wachezaji wa ngoma, fulana zilizoandikwa "Wepesi kwa Mkulima". Mvua ikaanza palepale wakati wa hotuba, na watu wakashangilia kwamba ni baraka. Mimi sikushangilia, kwa sababu mvua ikishuka mkulima hana tena siku za kungoja.

Nilienda Bokoli. Foleni ilifika barabarani. Wenye namba walipita, wakabeba, na wengine wakasimama pembeni wakishika vitambulisho, wakisema "lakini niliandikishwa, mimi niliandikishwa." Mwenye ghala maskini hakuwa na la kufanya, bila namba mlango haufunguki. Mama Nanjala alikuwa pale na mkokoteni alioazima. Aliniona. Hakunitukana. Alisema tu, "Mulembe, mama," salamu ya kawaida, akageuza mkokoteni mtupu akaanza kuusukuma kwenye matope. Ningependa angenitukana.

Alipanda bila mbolea. Wengi walipanda bila mbolea. Mahindi yakatoka ya manjano na membamba, na ukipita barabarani ungeweza kujua kwa macho tu boma gani lilikuwa na simu yake.

Kelele zilipokuwa nyingi, makanisani na redioni, Nairobi wakataka majibu, na Mkurugenzi akakumbuka jina la Chebet. Hakumpigia yeye mwenyewe. Alinituma mimi! Nikamkuta mjini Kitale, anatengeneza simu katika kibanda cha binamu yake. Nilidhani atanifukuza. Alinisikiliza akiwa na bisibisi mkononi.

"Nitakuja," akasema. "Si kwa ajili yake. Mbolea ya kukuzia, ile ya kuwekwa mahindi yakishaota, bado haijagawiwa, hiyo bado inaweza kuwafikia. Lakini nataka watu wangu mwenyewe: mmoja wa usajili, mmoja wa maghala, na Bwana Simiyu wa kupima. Tukae Bokoli, si Kitale. Na kikao cha kwanza wazungumze wale waliokosa. Mkurugenzi aje asikilize."

Walimkubalia yote, maana walikuwa wamebanwa. Timu ile ndogo ilikaa kwenye ghala la Bokoli, laptopu juu ya magunia, na kasoro tuliyoambiwa ingoje ikarekebishwa kabla hata wali wa mchana haujapoa. Wakaanza na ghala lile moja. Lilipokwenda vizuri, wakaongeza la pili, wakaongeza la tatu, na kila mahali wakikuta jambo jipya wanalirekebisha palepale na mwenye shida akiwa amesimama mbele yao. Hivyo ndivyo kazi kubwa inavyofanywa, wanangu. Mbolea ya kukuzia iliwafikia. Lakini mahindi yaliyonyimwa chakula utotoni hayasahau. Mavuno ya mwaka ule yalikuwa haba.

Na kile kikao kilifanyika. Akina mama waliketi kwenye benchi, Mkurugenzi akapewa kiti cha plastiki. Walisema, mmoja baada ya mwingine, bila kupandisha sauti. Walipomaliza alisimama, akafunga kifungo cha koti, akasema kwamba anasikitika, na kwamba katika njia hii mpya ya kazi kukosea si aibu, kukosea ni kujifunza, na hakika mwaka huu wote tumejifunza mengi.

Mama Nanjala akainua mkono kama mtoto wa shule.

"Nimesikia umejifunza," akasema. "Ni vizuri. Lakini mimi nilikuja hapa mapema, nikawaonyesha, na huyu msichana akawaambia. Sasa mbona mulikuja kujifunzia kwa shamba yangu?"

Mkurugenzi akatazama saa. Akawashukuru wote kwa kuja, akaenda kwenye gari lake.

Mwaka uliofuata alipandishwa cheo. Siku hizi yuko Nairobi, na kazi yake, nasikia, ni kuzunguka akifundisha mashirika makubwa jinsi ya kuingia ajaili. Huenda ndiye atakayekuja kwenu. Mtamtambua kwa sauti. Atawaambia mkae huru, hapa ni nyumbani, mwenye swali aulize. Basi muulizeni lile la Mama Nanjala, wote kwa pamoja, ili asijue amfukuze nani.